Watoto wenye ulemavu vijijini Makete: tuanze na chumba cha mazoezi au na nyumba zao?

Mwalimu_Makete aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kamati ndogo ya kata inayoshughulikia watoto wenye ulemavu pamoja na familia zao. Tumeshawatambua watoto wenye mtindio wa ubongo, wengine waliozaliwa na nyayo zilizopinda, na wengine waliochelewa kuongea bila mtu yeyote kueleza sababu. Wengi wanalelewa na bibi zao, jambo ambalo si geni katika mkoa wetu wa Njombe, ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, kwa kiwango cha asilimia 12.7 ya watu wazima.

Wajumbe wanapendekeza tuchangishe fedha, tujenge chumba cha mazoezi karibu na zahanati, kisha tuiombe halmashauri mtaalamu. Mimi nina wasiwasi. Vijiji vyetu vimetawanyika milimani, mvua zikianza njia zinateleza kwa miezi mingi, na sioni jinsi bibi aliyechoka mgongo atakavyombeba mtoto wa miaka sita kupanda na kushuka makorongo kila wiki. Naomba ushauri: fedha kidogo tulizonazo ziende wapi kwanza?

Fizio_Mbeya alijibu:

Mwalimu, salamu kutoka Mbeya. Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kwa watoto, na kwa maoni yangu chumba kisubiri. Mtindio wa ubongo hutokana na madhara yanayoupata ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa mfano mtoto anapokosa hewa wakati wa uchungu, anapopata manjano makali yasiyotibiwa mapema, au anapougua homa ya uti wa mgongo. Madhara hayo yenyewe hayaongezeki, lakini misuli isiyonyooshwa hukakamaa na viungo hujikunja mwaka hadi mwaka, na kinachopunguza hali hiyo ni namna mtoto anavyoketishwa, anavyolazwa, anavyobebwa na anavyolishwa kila siku. Nusu saa ya mazoezi kwa wiki haiwezi kushindana na siku saba za kulala chali kwenye mkeka.

Kwa hiyo mlipieni mtaalamu nauli na posho, aje wakati wa kiangazi baada ya mavuno, azunguke nyumba kwa nyumba akiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na amwachie kila mlezi mambo mawili au matatu tu. Mfano mmoja: mtoto ambaye miguu yake imekazana na kupishana kama mkasi hapaswi kuvutwa vifundo ili avalishwe suruali, kwa sababu ukivuta anazidi kukaza, mkunje kwanza nyonga na magoti taratibu, na miguu itaanza kulegea na kuachana. Kumbeba mgongoni kwa kanga, mapaja yakiwa yametanuka kuzunguka kiuno cha mlezi, tayari ni zoezi zuri la nyonga, mradi mtoto hajawa mzito kupita nguvu za anayembeba.

Vifaa havihitaji kuagizwa mbali. Sehemu nyingine hutengeneza viti kwa maboksi yanayobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, lakini kwa ukungu na baridi ya Makete sishauri, kwani havitakauka vizuri. Mbao kwenu zipo, na fundi seremala akipewa vipimo vya mtoto mwenyewe, yaani urefu wa paja, urefu wa mguu kutoka goti hadi unyayo na upana wa nyonga, atatengeneza kiti chenye meza ndogo mbele. Mianzi miwili iliyofungwa sambamba uani inatosha kumfundishia mtoto kusimama na kupiga hatua.

Nyayo zilizopinda ni suala jingine kabisa na halifai kungoja ziara. Mtoto apelekwe hospitali yenye huduma hiyo katika wiki zake za kwanza. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta ngumu, kama ya mtu aliyevunjika mfupa, inayobadilishwa kila wiki, mara nyingi hufuatiwa na mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ubao: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, halafu wakati wa kulala hadi afikishe miaka minne hivi. Watoto wengi huharibikiwa hapo mwishoni, wazazi wakiona mguu umenyooka na kuviweka viatu juu ya kabati. Fedha za nauli za kamati zingesaidia sana hapo.

Mama_Tukuyu alijibu:

Mwalimu, pole na majukumu. Nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo, naye fizio hapo juu amesema vizuri, ila amegusia kulisha kwa neno moja tu, wakati kwetu walezi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Bibi mwenye haraka ya kwenda shambani atamlaza mtoto mapajani, kichwa kikining'inia nyuma, na kummiminia uji mwepesi. Uji huo unaingia njia ya hewa, na baada ya hapo ni kifua kila mwezi. Mtoto akae wima, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, uji uwe mzito, na kijiko kidogo kisicho na kina kitoke mbele usawa wa mdomo, si kutoka juu.

Jambo la pili ni akina baba. Msiwaite akina mama peke yao kwenye kikao, maana nauli ya bodaboda mara nyingi inatoka kwa baba, na maneno ya kwamba mtoto amerogwa au ametokana na mkosi wa ukoo wa mama husemwa zaidi yeye asipokuwepo kusikia maelezo ya mtaalamu. Nao bibi wapangiwe zamu na majirani waliofundishwa, ili walau nusu siku kwa wiki mlezi apalilie viazi vyake bila mtoto mgongoni.

Muuguzi_Njombe alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia: nyumba kwa nyumba ni kazi nzito, na mhudumu mmoja atachoka kabla ya mwaka kwisha. Huduma ya mkoba ya chanjo na kupima uzito tayari inafika vijijini, kwa hiyo ongeeni na mganga mfawidhi wa zahanati ili siku hiyo hiyo watoto wenu waonwe, na ziara za nyumbani zibaki kwa wale wasioweza kabisa kufika. Hapo hapo mtabaini wapya: mtoto wa miezi tisa asiyeweza kukaa mwenyewe, au wa mwaka mmoja na nusu asiyetembea, aandikiwe rufaa. Waliochelewa kuongea wapimwe kwanza usikivu na kuangaliwa kama masikio yanatoa usaha, kabla mtu hajasema ni wazito wa akili.

Kuhusu gharama, sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano, na kwa wakubwa wasio na uwezo mwoneni afisa ustawi wa jamii kabla ya safari, mkiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Kuitafuta barua hiyo mkiwa tayari dirishani hospitalini ni kupoteza siku nzima.

Mwalimu_Makete alijibu:

Nawashukuru sana. Nitapeleka kwenye kamati pendekezo la kuahirisha ujenzi na kutenga fedha za nauli ya plasta, posho ya ziara moja baada ya mavuno, na mbao za viti. Fizio, naomba unieleze: fundi wetu akishapata vipimo, aache nafasi ya kiasi gani kwa mtoto anayeendelea kukua?

Fizio_Mbeya alijibu:

Asiache upana mkubwa, kwa sababu mtoto ataegemea upande mmoja na mgongo utapinda. Vidole viwili vya mtu mzima kila upande wa nyonga vinatosha. Ubao wa kukanyagia atoboe matundu kadhaa ili uweze kushushwa, na kina cha kiti akipunguze kwa mto mgumu nyuma ya mgongo, ambao utaondolewa paja likirefuka.