Roboti inauongoza mkono wa baba vizuri, mbona nyumbani hauinuki?

Muulizaji
Habari zenu wataalamu. Baba yangu alipata kiharusi kilichompooza mkono wa kulia, na kwa majuma sita sasa anafanya mazoezi kwa roboti inayofungwa kwenye kigasha chake na kuuongoza mkono kuelekea shabaha zinazoonekana kwenye skrini. Akiwa kwenye mashine mkono huenda bila kusita, jambo linalotupa moyo sana, lakini akirudi nyumbani hawezi hata kuinua kikombe. Je, mashine ina kasoro, au tumetarajia kisichowezekana?

Mhandisi wa vifaa tiba
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Jambo la kwanza la kujua ni nani anayefanya kazi: mota au misuli ya mzee? Roboti iliyopangwa kufuata njia moja bila kujali anachofanya mgonjwa itaufikisha mkono hata akiwa amesinzia, na mwili huzoea upesi kuiachia mashine kazi yote. Kwenye MIT-Manus, roboti iliyobuniwa na Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, jambo la msingi lilikuwa wepesi wake: mgonjwa mwenye nguvu kidogo tu aliweza kuisukuma, nayo ikamfuata. Katika mpangilio mzuri vihisi hupima mwendo na nguvu, mota hungoja kwanza, kisha huongeza msukumo pale tu anapokwama, na msukumo huo hupungua kadiri anavyoimarika. Makosa madogo huachwa yatokee, kwa kuwa ndiyo yanayoufundisha ubongo kujisahihisha. Kwa hiyo mwendo usiosita hata kidogo unanitia shaka. Ombeni kuonyeshwa kiwango cha msaada cha juma la kwanza na cha leo.

Mtaalamu wa fiziotherapia
Naafiki, ila mashine isibebeshwe lawama yote. Nguvu yake ni wingi wa marudio, mamia kwa kipindi kimoja, ambayo mikono yetu haiwezi kuyatoa bila kuchoka. Hata hivyo, kufikia nukta kwenye skrini si kushika kikombe, kwa sababu kikombe kinadai kifundo cha mkono, vidole na kipimo cha nguvu ya kubana. Utafiti wa RATULS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na washiriki 770, haukuona mazoezi ya roboti yakiboresha utendaji wa mkono kuliko huduma ya kawaida. Binafsi humpa mgonjwa kikombe halisi mara tu anapotoka kwenye mashine, misuli ikiwa bado imeamka. Vidole visipofunguka, ulizeni kuhusu kichocheo cha umeme: elektrodi, yaani vibandiko vinavyopitisha umeme, hubandikwa juu ya kigasha na kuamsha neva za misuli inayofungua kiganja, ambazo kwa kawaida kiharusi hakiziharibu. Kama mzee ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, daktari wake aulizwe kwanza. Na tafadhali, msimvute mkono huo mnapomwinua kitandani. Bega lililolegea huumia kwa urahisi.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimeuliza, nikaambiwa kiwango hakijabadilishwa tangu siku ya kwanza. Leo wamekipunguza, mkono uliishia nusu ya njia, na baba alitoka jasho kwa mara ya kwanza. Amekata tamaa kidogo. Turudishe msaada?

Mtaalamu wa fiziotherapia
Msiurudishe wote. Ombeni uongezwe kidogo, ili afike mara nyingi kuliko anavyokwama, na mumweleze mzee kwamba hiyo nusu ya njia ameivuka kwa nguvu zake mwenyewe.