Beringi za nyuma zinakufa kila baada ya wiki mbili, habu ni ya 20 ekseli ni ya 17

Mzawa wa Masasi

Habari zenu wakuu, nipo Masasi, naombeni msaada maana msimu wa korosho ndo umeanza na mimi chombo kimelala nyumbani. Hii pikipiki nimeiunga mwenyewe, fremu na injini ni ya hizi za bodaboda cc 150 ila nyuma nimefunga ringi na habu (kitovu cha tairi) ya mtumba ya pikipiki kubwa kwa sababu nabeba magunia na ringi ya mwanzo ilikuwa inakata spoki kila siku. Sasa hii habu ilikuja na beringi namba 6204, tundu lake milimita 20, na ekseli yangu (chuma kinachopita katikati ya tairi) ni milimita 17. Fundi akaniambia hilo dogo, akakata bati akalizungushia kwenye ekseli mpaka ikajaa, halafu bushi ya kati, ile inayokaa katikati ya beringi mbili, haikuwepo tangu nainunua habu akakata kipande cha bomba la maji akakitia humo.

Wiki mbili tu, njia ya Newala, nikaanza kusikia mlio kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, kufungua nakuta beringi ya upande wa cheni imegeuka rangi ya bluu na keji inayoshika gololi imekatika vipande. Nikanunua nyingine ikafanya vile vile. Kinachonichanganya ni hiki, nikibana nati mpaka mwisho tairi linakuwa zito, ukilisukuma kwa mkono halimalizi hata mzunguko mmoja, nikilegeza nati kidogo linazunguka fresh kabisa. Fundi anasema nitembee hivyo hivyo nati ikiwa imelegea. Ni beringi feki hizi au ni nini? Na mbele nataka niweke foku (miguu ya mbele inayoshika tairi) kubwa yenye ekseli ya 15 wakati habu yangu ina beringi 6301, ekseli 12, nayo naombeni ushauri.

Fundi Mikindani

Kaka usitembee na nati imelegea, nakuomba sana, tena na magunia mgongoni. Hiyo nati ikitoka ukiwa mtelemko wa kushuka kutoka Newala hakuna mtu atakayekusimulia.

Beringi zako inawezekana ni nzima kabisa, kinachoziua ni hicho kipande cha bomba. Iko hivi, ukibana nati nguvu yote inapita kwenye bushi ya nje, inaingia duara la ndani la beringi, inapita kwenye bushi ya kati, inatokea duara la ndani la beringi ya pili mpaka upande wa pili. Hivyo vyote vinatakiwa vigusane viwe kitu kimoja kigumu. Sasa bushi ya kati ikiwa fupi hata kwa milimita moja, ukibana nati yale maduara ya ndani yanavutwa kwenda katikati wakati ya nje yamekaa kwenye habu hayaendi popote, gololi zinabanwa ubavuni, ndo maana tairi linakuwa zito na beringi inapata moto mpaka inakuwa ya bluu. Wewe mwenyewe umeshalitaja tatizo ila hukujua kama ndo lenyewe.

Hilo la bati litoe leo. Na hapa una bahati sana: 6204 ni 20 ndani, 47 nje, unene 14. Chukua 6303, ni 17 ndani, 47 nje, unene 14. Umeona? Inaingia kwenye habu yako ile ile bila kuchonga kitu na ekseli yako ya 17 inapita bila bati lolote. Nunua yenye mpira pande zote mbili, ile inayoandikwa 2RS, maana lile vumbi la kwenu na mchanga linaingia kila sehemu, sisi huku Mikindani tunahangaika na chumvi.

Mkereza Lindi

Mkuu hapo juu kamaliza, naongeza kwenye bushi tu maana ndo kazi yangu ya kila siku. Usimpelekee mkerezaji bushi ya zamani ukamwambia nitolee kama hii, pima habu yenyewe. Toa beringi zote, safisha pale zinapokaa mpaka chuma kionekane, chukua venia (kifaa cha kupimia milimita) upime upana wote wa habu kutoka uso mpaka uso, halafu pima kina mpaka kwenye kile kingo beringi inapoegemea, upande huu na upande ule. Toa vina viwili kwenye upana wote, kinachobaki ndo urefu wa bushi, na mimi huwa naongeza nukta moja ya milimita (0.1) au nukta mbili (0.2), siendi zaidi. Tundu lake liwe 17 na nafasi kidogo tu ekseli ipite, ukiweka la 20 bushi inaning'inia na kukaa upande. Nje isizidi kama 26 hivi ili iguse duara la ndani tu, ikinenepa zaidi itaanza kusugua ule mpira.

Bushi ya kuvisha ekseli sio dhambi jamani, nimekereza nyingi na zinatembea, ila iwe chuma kizima chenye kola kinachobanwa pamoja na vingine. Bati la kukunja hapana.

Kwa mbele hakuna njia rahisi kama ya nyuma. 6301 ni 12 kwa 37 kwa 12, ukitafuta ya tundu 15 utapata 6202 ambayo nje ni 35 na unene 11, itacheza, au 6302 ambayo nje ni 42 na haiingii. Mtu atakwambia ubaki na ekseli ya 12 akutie bushi kwenye foku, kwa pikipiki ya kwenda sokoni sawa, ila kwa mzigo wako mimi ningetafuta habu ya mbele iliyozaliwa na ekseli ya 15.

Nachingwea Mzigo

Usisahau beringi ya tatu!! Ile ya kwenye kile kikombe cha sproketi (gia ya nyuma ya cheni). Mimi nilibadilisha mbili za kwenye habu nikaiacha hiyo, sproketi ikawa inayumba na cheni ikala meno upande mmoja. Nayo ina bushi yake, ikaguliwe.

Mzawa wa Masasi

Aisee nashukuruni sana. Nimefungua jioni hii. Upana wa habu 94, kina upande wa breki 15, upande wa cheni 17, so bushi inatakiwa 62. Lile bomba nimelipima ni 59 na nusu! Na lilikatwa kwa msumeno wa mkono, upande mmoja umelala. Beringi ya kwenye sproketi iko vizuri, tundu lake ni 17 toka mwanzo.

Fundi Mikindani

Umeona mwenyewe, milimita mbili na nusu. Kakerezeshe 62 na nukta moja (62.1). Wakati wa kuingiza gonga duara la nje tu, chukua beringi ile iliyokufa uitumie kama kifaa cha kugongea, anza upande mmoja mpaka ikae kwenye kingo, tia bushi, halafu upande wa pili gonga taratibu mpaka bushi iguswe, ukisikia imegusa acha. Ukishabana nati yote zungusha kwa mkono.

Mzawa wa Masasi

Wakuu mrejesho. 6303 nimezikosa hapa nikaagiza zimekuja na basi kutoka Mtwara, bushi nimekerezewa, nimefunga jana. Nati nimebana mpaka mwisho na pini nimetia, nimesukuma tairi kwa mkono likazunguka mara sita ndo likasimama. Leo nimepiga Newala na magunia mawili, nimefika nikashika habu kwa kiganja, ni vuguvugu tu. Foku ya mbele nimeiweka pembeni mpaka nipate habu.