Nimonia inayorudi pafu lilelile: je, yawezekana mtoto alipaliwa tusijue?

Mama wa Uyole:
Habari za jioni, ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 2 na nusu anakohoa tangu Juni, na mara 3 tumeambiwa ana nimonia, kila mara chini ya pafu la kulia. Antibayotiki humpa nafuu ya wiki mbili, kisha homa inarudi. Dawa za pumu hazikusaidia, kifua kikuu hakikuonekana, na eksirei ya mwisho ilisomwa kuwa safi. Ni kipi kingine kichunguzwe?

Tabibu, Tukuyu:
Pole sana, dada. Kabla ya kipimo kingine, waulize wote waliowahi kubaki na mtoto kama alipaliwa ghafla akila au akicheza. Swali hilo husahaulika mno, kwa kuwa kikohozi kikishatulia kila mtu hudhani kitu kimetoka, kumbe kimeshuka zaidi, na mtoto anaweza kuonekana mzima kwa siku nyingi. Nimonia inayorudi palepale hunitia shaka kuliko inayohamahama, hasa upande wa kulia, ambako tawi la bomba la hewa ni pana zaidi na limesimama wima zaidi. Eksirei safi isikutulize: sarafu huonekana, lakini karanga, harage au punje ya mahindi kwa kawaida hazionekani. Picha iliyopigwa mtoto akitoa pumzi huweza kuonyesha pafu moja likibaki limejaa hewa.

Mama wa Uyole:
Nimemuuliza bibi yake. Siku ya kupukuchua maharage mtoto alikuwa naye mkekani, akakohoa mpaka midomo ikawa ya buluu. Bibi akampiga mgongoni, akalia, akarudi kucheza. Hakutueleza kwa sababu jioni alikula ugali wake wote.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Iringa:
Mweleze daktari kisa hicho kwanza, kabla hata ya kutaja kikohozi, kisha uombe rufaa ya bronkoskopi, yaani kuchungulia ndani ya njia za hewa. Mtoto hulazwa usingizi, bomba gumu lenye taa hupitishwa mdomoni, na kitu hunaswa kwa koleo nyembamba. Si jambo geni: daktari Gustav Killian alitoa mfupa kwenye njia ya hewa ya mgonjwa kwa namna kama hiyo huko Ujerumani mwaka 1897. Msichelewe, kwani harage hunyonya unyevu, likavimba na kulainika, na likikatika vipande kazi huwa ngumu. Akianza kuhema kwa shida, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Mama wa Uyole:
Na wasipokuta kitu?

Tabibu, Tukuyu:
Watachukua makohozi ya ndani kwa ajili ya maabara. Kwa kisa hicho, mimi ningekubali apimwe.