Tupeane uzoefu: dinosaria wa kibanda cha video

Kadogo wa Malaba: Mwanangu amekataa kwenda choo usiku. Anasema raptor, yule dinosaria wa filamu, anajua kufungua kitasa. Nikakumbuka vibanda vyetu. Kwenu ilikuwaje?

Mtoto wa Kambi: Jinja, ile Jurassic Park ya 1993. VJ, yule msimulizi wa filamu, anatafsiri kwa Kiganda, sisi wa kambini twafuata picha tu. Tukaelezwa Tyrannosaurus, lile dinosaria jitu mla nyama, hamwoni asiyetikisika. Mara jenereta ikazima, na huko nje kitu kikanguruma. Lori? Fahali? Watu wakapasua ukuta wa mikeka. Mimi nikaganda kwenye benchi, pumzi nimeibana, maana nimeambiwa nisitikisike! Wakanipitia juu kama zulia. Jino lilibaki palepale, na mwenye kibanda akaja nyumbani kudai pesa ya mikeka.

Mama Naka: 😂😂 Mzee alilipa?

Mtoto wa Kambi: Alianza kwa kunichapa.

Mwalimu Bayolojia: Pole, ila ungeliwa wa kwanza. Macho ya Tyrannosaurus yalitazama mbele, aliona vizuri sana, na sehemu ya ubongo ya kunusia ilikuwa kubwa. Hata gizani angekupata. Huyo raptor wa mtoto, yaani Velociraptor, naye alikuwa na kimo cha bata mzinga, tena mwenye manyoya. Mwaka 2007 walitangaza mfupa wa mkono kutoka Mongolia wenye vinundu vya kushikia manyoya. Wa filamuni kachukua umbo la ndugu yake mkubwa, Deinonychus.

Bishana Tu: Bata mzinga?! Usituharibie utoto wetu.

Wa Kasese: Si hata Moroto, hapa Uganda, kuna mifupa yao?

Mwalimu Bayolojia: Ile ni ya masokwe wa kale, miaka kama milioni 20. Tyrannosaurus na wenzake walikwisha milioni 66 iliyopita. Waliobahatika ni majirani: Tendaguru, kule Lindi, Tanzania. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, na dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, mifupa mitupu, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Bishana Tu: Wamrudishe!

Wa Kasese: Umlaze wapi, chumba chenyewe cha kupanga?

Bishana Tu: Usiniingilie, sikukuuliza.

Kadogo wa Malaba: Jamani, mtoto!

Bishana Tu: Weka komeo. Raptor hakusomea komeo.

Mama Naka: Mpe ndoo, yaishe.

Mwalimu Bayolojia: Mpeleke aone kalooli, yule korongo mkubwa, jalalani. Mweleze kwamba ndege wote ni uzao wa dinosaria.

Mama Naka: Mwalimu, sasa hata mchana hatatoka.