Wenye programu ya mauzo wamechora visanduku vyao wenyewe, lawama anabebeshwa mwenye kibodi!

Wakuu, leo msinitulize.

Natengeneza kibodi ya kwenye skrini kwa ajili ya mashine za kaunta, zile za kugusa. Kazi yake ni moja: keshia akigusa kisanduku cha kuandikia, kibodi ipande, akitoka, ishuke. Asubuhi mteja wangu mwenye duka la dawa kanipigia, "Kijana, kibodi yako mbovu." Keshia anagusa sehemu ya jina la dawa, kamstari kanawaka na kuzima pale pale, kibodi kimya. Foleni imefika mlangoni.

Nimeenda. Nikafungua Inspect, zana ya Microsoft ya kuchungulia programu zinajitambulishaje kwa Windows, nikaielekeza kwenye kile kisanduku. Jibu: Pane, yaani eneo tupu lisilosema ni kitu gani. Vitufe, jedwali, bei, jumla, dirisha zima ni Pane moja, ndani hakuna kitu. Programu ni ya Java, basi nikawasha Access Bridge, daraja la kuzifanya programu za Java zijitambulishe kwa zana za nje, kwa amri ya jabswitch -enable, nikaifungua programu upya na kuichungulia kwa zana inayosoma daraja hilo. Vitufe vikajitokeza. Kisanduku? Hakipo! Jamaa wamekichora kwa mkono, mstatili na maandishi juu yake, basi. Hata kale kamstari ni mchoro, kwa hiyo ukiiuliza Windows kwa GetGUIThreadInfo, amri yake ya kuulizia mambo kama hayo, kamstari kako wapi, haina habari nako.

Sasa mimi nifanyeje? Kibodi haina macho. Inajiandikisha kwa UI Automation, mfumo wa Windows wa programu kujieleza kwa programu nyingine, ipewe taarifa kila fokasi (sehemu inayopokea maandishi) inapohama, kisha inauliza: wewe ni Edit, yaani kisanduku cha kuandikia, namba 50004? Unaandikika au ni wa kusoma tu? Programu isipojibu, hakuna uchawi. Na njia hii si ngeni, UI Automation ilikuja na Windows Vista, na kabla yake mfumo mkongwe wa kazi hiyo hiyo, MSAA, upo tangu miaka ya 90. Hizo ndizo njia anazotegemea asiyeona anayetumia NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti. Keshia asiyeona akiwekwa kwenye mashine ile, hataambiwa hata kama yuko kwenye kisanduku.

Najua kuna watakaosema "pandisha tu kibodi kila skrini ikiguswa." Jaribuni muone inavyofunika jumla na kitufe cha kulipa. Na wale wa "hamia Linux" nao wakae kwanza: kwenye Wayland, mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha, programu yenyewe ndiyo inayotakiwa kuomba kibodi, isipoomba utasubiri sana. Programu zilizojengwa juu ya Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, nazo zina vituko, ila angalau unaziwasha na --force-renderer-accessibility zijieleze, maisha yanaendelea.

Nimewaandikia wenye programu. Wamejibu kwa mstari mmoja: "Mfumo wetu hauna tatizo, mteja anunue kibodi ya USB." Kaunta yenyewe haina hata nafasi ya kuweka mkono!

Kwa sasa nimeweka kitufe kinachoelea pembeni, keshia anapandisha kibodi mwenyewe. Nimekipa alama ya Windows ya WS_EX_NOACTIVATE kisipokonye fokasi, maana bila hivyo ukikigusa tu kisanduku kinaachwa na herufi zinapotelea hewani. Mteja anaona nimemrudisha nyuma, na hela iliyobaki kaishikilia.

Aliyewahi kuitoboa programu ya Java ya aina hii bila kubahatisha kwa vipimo vya skrini aseme alipitia wapi. Na wanaouza mifumo ya kaunta humu, jitokezeni mjibu.