MREJESHO: Yule binti wa mafua na degedege

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza mwezi uliopita kuhusu binti yangu wa miaka minne: homa na mafua siku mbili, malaria hana, kisha degedege, na baada ya hapo haamki vizuri. Asanteni mliosema nimkimbize hospitali, "usisubiri kukuche". (Aliyeniambia nimpake mafuta ya taa, nimekusamehe.)

Kipimo cha puani kilitoa influenza A, yaani virusi vya mafua makali. MRI (picha ya ndani ya kichwa) ikaonyesha ubongo umeumia katikati, kwenye thalamasi, kulia na kushoto sawasawa. Nikadhani virusi vimepanda kichwani. Kumbe, daktari anasema, mara nyingi hata kwenye maji ya uti wa mgongo havionekani. Kinachoharibu ni kinga ya mtoto mwenyewe, imechachamaa inamwaga kemikali za uvimbe kupita kiasi. Unaitwa ANE (acute necrotizing encephalopathy), na ni nadra mno. Madaktari wa Japani ndio walioueleza ugonjwa huu miaka ya 1990. Akapewa oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza, na steroidi (dawa za kutuliza kinga na uvimbe) za dozi kubwa kwa dripu.

Siku ya tisa nikiwa namfuta uso, akanishika kidole, akasema "maji". Nililia mpaka nesi akaja mbio.

Tumerudi nyumbani juzi. Mkono wa kushoto bado mzito, kijiko kinamponyoka, mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Wamemtoa damu kupima jeni ya RANBP2, maana ikiwa na hitilafu tatizo laweza kujirudia akipata homa nyingine, na mdogo wake naye itabidi apimwe. Majibu bado.