Uvimbe ndani ya uti wa mgongo: ufuatiliaji wa neva ni wa lazima?

MkaziWaUmoja
Hamjambo nyote. Dada yangu mkubwa amepatikana na uvimbe katika ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, usawa wa pingili ya 4 ya kifua, na tayari anauburura mguu wa kushoto hata kupanda matatu ni shida. Hospitali moja hapa Nairobi imetupa makadirio ya gharama ambamo ufuatiliaji wa neva wakati wa upasuaji umewekwa kando kama jambo la hiari. Mchango wetu umefika ukingoni. Tukiuacha, tutakuwa tumeacha nini?

FundiWaThieta
Pole kwa kuuguza. Mimi ndiye huketi mbele ya mtambo huo, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Katika miaka ya 1970 madaktari walikuwa wakimzindua mgonjwa katikati ya upasuaji wa mgongo ili atikise vidole vya miguu. Siku hizi tunauliza kwa umeme. Tunasisimua neva penye kifundo cha mguu na kupokea jibu kichwani: hiyo ni njia ya hisia, inayopita sehemu ya nyuma ya ugwe. Kwa njia ya mwendo tunasisimua kichwa, kisha tunasoma misuli ya miguu. Kwa kuwa njia hizi hazipiti mahali pamoja, ya hisia inaweza kubaki nzima na mgonjwa akaamka asiweze kuinua mguu. Kwa uvimbe wa ndani kama huo, kipimo cha hisia peke yake hakitoshi.

Ningeulizia pia wimbi la D. Elektrodi nyembamba, yaani waya wa kunasa umeme, hulazwa juu ya ugwe, chini ya uvimbe, isome mawimbi yanayoshuka kutoka ubongoni. Misuli ikinyamaza huku wimbi hilo likibaki juu ya nusu ya kimo chake cha mwanzo, kwa kawaida udhaifu huwa wa muda. Likikaribia nusu, daktari husimamisha mkono, ugwe humwagiwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, shinikizo la damu hupandishwa, nasi tunangoja. Lisiporudi, huenda kipande cha uvimbe kikaachwa.

NimesimamaTena
Mimi niliamka mguu ukiwa mzito kama gogo, ila nilikuwa nimeonywa, na baada ya majuma kadhaa nilitembea. Lililonikera ni ulimi: nilikuwa nimeung'ata, kwani msisimko wa kichwani hukaza taya. Ulizeni kama wataweka vitambaa kati ya meno.

MkaziWaUmoja
Asanteni sana. Daktari wa usingizi ametaja dawa ya kuvuta kama gesi. Je, inafaa?

FundiWaThieta
Gesi hiyo hufifisha ishara za misuli, kwa hiyo sisi hupendelea propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, na dawa ya kulegeza misuli itumike wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia tu. Mwambieni pia mapema kama dada ana kifaa cha moyo au amewahi kuwa na kifafa.